Msitu Unaoshuka Mlima: Simulizi ya Safari ya Kilimanjaro

Jumapili, Moshi mjini

Nikitaja Kilimanjaro, swali la kwanza ninaloulizwa ni la theluji. Imebaki kiasi gani? Itaisha lini? Ni swali la haki. Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, ilifunika eneo la takribani kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilikuwa zimesalia kama 1.8 tu. Lakini mimi sikuja Moshi kuangalia barafu. Nimekuja kuangalia miti, kwa sababu maji wanayoyategemea watu wa Moshi, Hai na Rombo hutoka kwenye barafu kwa sehemu ndogo sana. Yanatoka msituni, na msitu huo una habari ambayo bado haijasemwa vya kutosha.

Habari yenyewe ni hii. Tumezoea kuambiwa kwamba joto likizidi, miti itahama kidogo kidogo na kupanda juu kuufuata ubaridi. Kilimanjaro mambo yamekwenda kinyume. Tangu miaka ya 1970 mpaka wa juu wa msitu umeshuka, mahali pengine kwa mamia ya mita. Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye amefanya kazi kwenye mlima huu kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 2005 kwamba moto unaochochewa na mabadiliko ya tabianchi umeudhuru mlima, hasa maji yake, kuliko kuyeyuka kwa barafu. Niliposoma hayo nilitaka kwenda kuona mwenyewe.

Mwongozaji wangu ni kijana wa Mamba, mwenye miaka mingi njiani. Amenijia jioni tukapanga safari: Marangu, kisha kambi za vibanda za Mandara na Horombo, kisha kurudi. Kileleni hatufiki. Amecheka kidogo, kwa kuwa wageni wake wote hutaka kileleni, halafu akakaa kimya akihesabu miezi. "Dada, umekuja wakati ambao sisi huwa na wasiwasi," amesema. "Septemba inaisha, vuli haijaanza. Oktoba ndiyo mbaya zaidi. Mioto mikubwa yote ninayoikumbuka ilikuwa Oktoba."

Jumatatu, Marangu

Leo tumeshinda kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Kichaga, kwa mzee mmoja ambaye ni ndugu wa mama yake mwongozaji. Kijana amemsalimia kwa Kichaga, mimi nikamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia huku ameshaanza kutembea. Alitaka tuone miti kwanza, chai baadaye.

Anayekijua kihamba anajua jinsi kilivyopangwa: chini kahawa na magimbi, katikati migomba, juu kabisa miti mikubwa ya asili inayotoa kivuli. Hapa kwa babu kuna mringaringa, kuna mruka wenye matawi yaliyotanda juu ya kahawa, kuna msesewe karibu na mfereji. Magome yake ndiyo yanayotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, kuipa uchungu wake. Miti hii haikupandwa kwa mistari. Wazee waliufyeka msitu kwa kuchagua, wakaibakiza ile wanayoitaka, wakaweka migomba chini yake. Kwa maana hiyo kihamba ni kipande cha msitu uliofugwa, na kinachoupata msitu huko juu kinakipata na kihamba.

Babu ametuonyesha mringaringa wake mkubwa. Umekauka juu. Majani yapo kwenye matawi ya chini, lakini ncha zote zimebaki vijiti vyeupe. Anasema ulianza hivyo baada ya masika mawili mabaya yaliyofuatana. Pembeni yake amepanda migrivelea. Nimemuuliza kwa nini asipande tena mringaringa.

"Mgrivelea naukata mimi mwenyewe niliyeupanda," amenijibu. "Mringaringa hukatwa na mjukuu. Na mche wake unataka maji miaka ya mwanzo. Maji yako wapi?"

Kwa swali hilo tulikwenda kwenye mfongo. Mifongo ni mifereji ambayo Wachaga wameichimba kwa vizazi na vizazi, ikiyachukua maji kwenye mabonde ya juu na kuyazungusha mabegani mwa mlima hadi kila ukoo upate zamu yake. Mfongo wa babu ulikuwa na unyevu tu. Maji huja siku mbili kwa juma, anasema, na zamani zamu ilikuwa kwa ajili ya utaratibu, si kwa ajili ya uhaba.

Kuna kitu kimoja alichokisema ambacho nilikiandika papo hapo. Alisema alipokuwa kijana, ukungu ulikuwa unashuka mpaka kihambani saa tisa alasiri, unakaa kwenye migomba, nguo zikianikwa hazikauki. "Sasa ukungu unaishia juu. Tunauona, hautufikii." Kumbukumbu za mvua zilizowekwa na misheni za mlimani tangu mwanzoni mwa karne ya 20 zinakubaliana naye: mvua imepungua kwa karibu theluthi moja. Ukitoa theluthi ya mvua mahali penye mvua nyingi, msitu haufi siku hiyo. Unaanza tu kuwa na majira ambayo majani ya chini yanakauka kabisa. Hapo ndipo shida inapopata mlango.

Jumanne, geti la Marangu hadi Mandara

Geti liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Mandara mita 2,720. Njia ni kilomita kama nane. Watu wengi huipita kwa mazungumzo, akili zikiwa kwenye siku za mbele. Mimi nimeitembea kwa saa nyingi kuliko mtu yeyote aliyeanza nami asubuhi, na wagumu, yaani wapagazi wetu, walifika wakapika, wakala, wakanisubiri.

Huu ndio ukanda wa mvua. Upande huu wa kusini mvua huongezeka kadiri unavyopanda hadi kufikia karibu milimita 2,700 kwa mwaka kwenye mita 2,200 hivi, halafu huanza kupungua tena. Miti iliyo hapa imeumbwa kwa maji mengi. Mkubwa wao ni mseri, ambao Wasambaa na mafundi seremala wengi wanauita mkulo: shina nene, gome la vipande vipande, harufu ya kafuri ukilikwaruza. Mbao zake haziliwi na mchwa, na hilo ndilo lililouponza. Tangu enzi za wakoloni umekatwa, na hata baada ya kukatazwa uliendelea kukatwa kwa siri.

Nimesimama muda mrefu mbele ya mseri mmoja mzee nikitafuta watoto wake. Mti huu hauzai kirahisi. Mwaka wa mbegu nyingi huja mara moja kwa miaka kadhaa, na mbegu zenyewe hushambuliwa na wadudu kabla ya kuanguka. Mara nyingi mseri hujiendeleza kwa machipukizi ya mizizi. Kwa hiyo pale ulipokatwa ukaisha, msitu hujazwa na miti mingine ya kukua upesi, na mseri haurudi isipokuwa mizizi yake iwe hai na udongo ubaki na unyevu. Mti wa namna hii unaweza kulivumilia shoka peke yake kama mvua ipo. Unaweza kuuvumilia ukame peke yake kama haujakatwa. Vikija vyote viwili katika miaka hamsini ile ile, hesabu inaharibika.

Tukiwa tumeketi kula, mwongozaji alinionyesha bonde la upande wa magharibi na kuniuliza kama nimesikia habari za mkukusu mrefu. Nimesikia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika bonde la Mrusungu, kwenye mlima huu huu, kuna mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 500 na 600. Umedumu kwa sababu uko ndani ya korongo, na udongo wa volkano una rutuba na unyevu haukauki. Mti wenye umri huo umeshaona ukame mwingi. Ila ukame ule ulikuwa unakuja na kuondoka.

Kadiri tulivyopanda, mseri ulipungua na mpodo ukaongezeka, na matawi yakaanza kuvaa ndevu za kijivu, zile zinazoning'inia hata kwenye miti iliyokufa. Mbega walikuwa juu ya mti mmoja wakila majani bila kutujali. Saa nane ukungu ulifika. Ulikuja kutoka chini, ukipanda na upepo wa mabondeni, na baada ya dakika chache nikaanza kusikia matone. Mvua hakuna. Matone yalikuwa yakitoka kwenye miti yenyewe.

Nilitoka nikasimama kwenye uwanja wa nyasi mbele ya vibanda vya Mandara: pakavu. Nikarudi chini ya mipodo, hatua chache tu: udongo umelowa, koti langu limelowa. Ukungu ukipita juu ya nyasi fupi unapita tu. Ukipita kwenye majani, kuvu la kijani linalofunika mashina, na zile ndevu, unanaswa, unageuka tone, unashuka na shina hadi ardhini. Mti wa hapa unachota maji kutoka hewani na kuyaweka kwenye akiba ambayo babu wa Marangu ataifungulia mfongo miezi kadhaa baadaye. Kila aliyewahi kunywa maji ya bomba Moshi ameyanywa maji ya namna hii, na wengi wetu hatujui.

Jumatano, Mandara hadi Horombo

Asubuhi tulipita kwanza kreta ya Maundi, mwendo wa robo saa. Hewa ilikuwa safi, tukaliona ziwa Chala na nchi ya Kenya hadi vilima vya Taita. Halafu tukageuka kuelekea juu, na msitu ukaisha.

Uliisha ghafla. Msitu wa mlimani kwa kawaida hupungua taratibu: miti inakuwa mifupi, inaachana nafasi, unashindwa kusema hapa ndipo mwisho. Hapa kuna mstari. Upande mmoja mipodo yenye ndevu, upande wa pili kichaka cha kufika kifuani na vijiti vyeusi vikichomoza katikati yake. Mwongozaji alisimama. "Hapa tulipo, wazee wetu wa kazi wanasema walikuwa wanatembea kivulini. Wageni walikuwa wanalalamika hawaoni mlima."

Vijiti vile vyeusi ni mierika. Kwa mtu asiyeujua, erika ni kichaka chenye vijani vidogo kama sindano, lakini ukiachwa kwa miaka mingi bila moto huwa mti kamili, mita kumi na zaidi, na miti hiyo ikikaribiana hufanya msitu. Kilimanjaro ilikuwa na misitu ya erika iliyopanda hadi karibu mita 4,100, ya juu kuliko mingine yote Afrika. Kazi yake ilikuwa ile ile niliyoiona jana mchana kwenye mipodo, tena kwa bidii zaidi, kwa kuwa iko mahali penye mvua kidogo na ukungu mwingi.

Nimepiga magoti kwenye kisiki kimoja. Juu kimeungua hadi kwenye moyo. Chini, usawa wa udongo, machipukizi ya kijani yamezunguka pande zote. Erika una fundo la mizizi linalobaki hai moto ukipita, nalo huchipua. Ndiyo maana moto mmoja hauumalizi. Moto umekuwapo mlimani humu kwa maelfu ya miaka, na warina asali, wawindaji na wachungaji hawakuanza jana kuwasha moto. Kilichobadilika ni mambo mawili. Moto unarudi mapema mno, kabla chipukizi halijawa mti wa kutoa mbegu. Na ukirudi unakuta kila kitu kimekauka, hivyo hausimami.

Zamani moto wa juu ulikuwa ukishuka, ukifika kwenye mipodo na kuvu lililolowa, unazimika wenyewe. Msitu ulikuwa ndio ukuta. Sasa kuna miaka ambayo ukuta wenyewe unakauka. Moto unaingia mita mia, mia mbili. Mpodo ukiungua hauchipui kama erika. Unakufa, na ule uwazi ulioachwa unajazwa na erika kutoka juu. Safari ijayo moto hauna haja ya kuja kutoka mbali, maana majani ya erika yanawaka hata yakiwa mabichi. Kwa hiyo erika unashuka kuchukua nafasi ya mpodo, na huku nyuma yake, kule ulikotoka, unachukuliwa nafasi na nyasi na vichaka vifupi vya maua makavu. Kila ukanda umesukumwa hatua moja chini. Nilikuwa nimelisoma jambo hili mara nyingi. Leo nimelipitia kwa miguu kwa saa sita, na kila niliposhika shina mkono ulitoka mweusi.

Tulipumzika eneo la Whona, mahali ambapo wagumu na wageni husimama kula. Ni hapa ulipoanzia moto wa Oktoba 2020. Watu wanaoufahamu mlima hawautaji kwa furaha. Uliwaka siku nyingi, upepo ukiuhamisha kutoka bonde hadi bonde, na mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanakijiji, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. Eneo lililoungua lilitajwa kuwa kilomita za mraba 95.5. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukazuka mwingine upande wa kambi ya Karanga.

Mwongozaji wangu alikuwemo mwaka 2020. Nilidhani ataniambia habari za moshi na hatari. Aliniambia habari za matawi. Walizima kwa matawi, kwa kuwa maji hayakuwepo. Mtu anakata tawi la erika bichi, anapiga moto nalo, tawi linawaka mkononi mwake, anatupa na kukata lingine. "Dada, tulikuwa tunaukata msitu ili tuuokoe." Alirudi nyumbani akalala siku mbili. Hakuzungumza zaidi hadi tulipofika Horombo.

Takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2016 zilisema kwamba tangu 1976 moto umeteketeza takribani hekta 13,000 za misitu ya Kilimanjaro, hasa ya juu, na kwamba upotevu wa ukungu usionaswa tena ni sawa na maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka. Nimezisoma tena usiku huu kwa taa ya kichwani. Milioni moja si namba ngumu kuipatia picha: ni mji wote wa Moshi, Hai yote, Rombo yote, na bado nafasi inabaki.

Alhamisi, Horombo

Leo tumepanda polepole hadi kwenye miamba yenye milia myeupe na myeusi, ile ambayo wenyeji wa njia wanaiita ya pundamilia, karibu mita 4,000. Njiani kuna masenesio makubwa, yale yenye shina nene lililovaa majani yake makavu kama koti. Ni mimea ya ajabu na nimeipiga picha kama kila mtu. Lakini nilikuwa natafuta kitu kingine.

Nilikipata bondeni, ng'ambo ya kijito, ambako mwamba umekata njia ya upepo. Ni kishamba kidogo cha mierika mizee. Huwezi kukiita msitu. Unakimaliza kukizunguka kabla hujachoka, hata kwa pumzi fupi ya huku juu. Mashina yamepinda, yamefunikwa kuvu tangu chini hadi juu, na ndani yake kuna giza na baridi ya kwake. Nilipoweka kiganja kwenye kuvu, maji yalitoka. Jua lilikuwa linawaka, nyasi za nje zinakatika mguuni kwa ukavu, na humu ndani kuvu linatoa maji.

Kishamba hiki kimeokolewa na mwamba. Hakuna aliyekipanda wala aliyekilinda. Ukisimama pembeni yake ukatazama mteremko mzima, unaona vingine viwili vitatu kama hivyo, vimejibanza makorongoni, na katikati yake kilomita na kilomita za kichaka. Ndipo nilipoelewa kwamba kichaka hiki chote, ambacho vitabu vya watalii vinakisifia kama uoto wa asili wa ukanda huu, sehemu yake kubwa ni kovu. Tumelizoea kovu hadi tukalipa jina la mandhari.

Sikubaliani na wanaosema yote haya ni kosa la mgumu aliyepasha moto chakula chake au mzee aliyefukiza nyuki. Ndiyo, mkono wa mtu ndio uliobeba kiberiti, na hilo lazima lisemwe. Lakini kiberiti kile kile, miaka sitini iliyopita, kingeunguza nyasi za eneo dogo na kufa kwenye unyevu. Mwenye kuukausha mlima hajawahi kuupanda. Moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali umeongeza joto, joto limeongeza kiu ya hewa, na hewa yenye kiu hunyonya maji kwenye majani hata siku isiyo na jua kali. Anayehukumiwa ni yule anayelipwa kwa kubeba kilo ishirini kichwani.

Ijumaa, kushuka

Tumeshuka siku moja hadi getini. Magoti yanauma. Wagumu wamenieleza njiani kwamba siku hizi kupika kwa kuni hifadhini hakuruhusiwi, wanabeba majiko ya gesi, na kiongozi wa msafara hukagua mahali pa mapumziko kabla ya kuondoka. Mmoja wao, mama wa makamo, alisema tangu 2020 haondoki mahali bila kumwaga maji ya mwisho ya chupa yake pale palipokuwa na jiko. Wenzake wanamtania. Yeye hajali.

Karibu na geti tulipishana na wanawake wenye mizigo ya kuni. Ukanda wa chini kabisa wa msitu, ule uitwao Nusu Maili, ulitengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na mbao bila kuingia msitu mkubwa. Msitu wa juu yake uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nimeona sehemu za Nusu Maili zilizobaki na miti ya asili, na sehemu ambazo ni mikaratusi mitupu.

Jumamosi, Rombo na Rongai

Kwa gari, barabara ya lami hadi Tarakea, kisha upande wa Rongai. Kaskazini mlima uko kwenye kivuli cha mvua, yaani mvua nyingi hukwamia upande wa pili, na miti yake ni mingine: mtarakwa na mzaituni mwitu, miti ya kuvumilia ukavu. Hapa nilitegemea kuona miti yenye nafuu. Mitarakwa mikubwa ipo, ila imebaki kama mabaki tu juu ya mashamba ya misindano na misaipresi, na mingine imekauka imesimama. Mlinzi mmoja wa msitu alinieleza kwamba hata mti wa ukame una kipimo chake: masika yakikosa mara moja unasubiri, yakikosa mara tatu mizizi ya juu inakufa, halafu wadudu wa gome wanakuja kumalizia. Hatukukaa sana. Vumbi lilikuwa jingi, na mitarakwa ile ilinikalia moyoni hadi Himo.

Jumapili, Rau

Siku ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya msitu ambao uko tambarare kabisa, pembeni ya mji wa Moshi. Msitu wa Rau hauishi kwa mvua inayoushukia. Unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, yaliyozama huko kwenye mipodo na mierika, yakatembea ndani ya mwamba wa volkano, yakaja kuibuka hapa kwenye chemchemi. Kutoka barabara yenye joto na bodaboda unaingia hatua chache, na uko kwenye msitu wa mvua mahali pasipo na mvua ya kutosha msitu.

Humu ndimo ulimo msoo. Ni mti mkubwa sana, shina lake limenyooka na kupasua paa la msitu, na duniani kote unajulikana kutoka maeneo machache tu, Rau na Kahe yakiwa ndiyo maarufu. Umeorodheshwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kutoweka. Msoo hauna mlima wa kuukimbilia joto likizidi. Hauwezi kupanda, kwa kuwa kinachouweka hai hakiko hewani. Kiko chini ya miguu yake, na kinaanzia kule nilikoshika kuvu juzi. Mseri unapigwa na shoka, erika na moto, mtarakwa na jua. Msoo unaweza kufa bila kuguswa na chochote kati ya hivyo, kwa sababu tu maji yaliyopaswa kunaswa mita 3,000 juu yake hayakunaswa. Nilitafuta miche chini ya mti mkubwa nikaiona, michache, kwenye udongo mweusi unaonata. Mbele kidogo kisima cha asili kimebaki tope.

Nje ya msitu kuna mashamba ya mpunga ya Moshi Chini, skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Nilimkuta mama mmoja anazibua mfereji kwa jembe. Nilimwamkia, tukazungumza. Anasema sehemu ya jaruba zake sasa analima mahindi, maana mpunga hauna ahadi. Wanaolima juu ya mto wanachukua kwanza, wa chini wanapata kinachobaki, na kila msimu kuna ugomvi.

"Na wewe umetoka wapi na viatu hivyo?" akaniuliza. Nikamweleza: Mandara, Horombo, mstari wa mipodo, vijiti vyeusi, kile kishamba cha mierika kinachotoa maji. Alisimamisha jembe. Aliuliza maswali ya mtu anayeyajua maji: ukungu unanaswa kiasi gani, msitu ukiachwa bila moto unarudi baada ya miaka mingapi, na kama miche ya erika inaweza kuoteshwa. Nilijibu niliyoyaweza. Kichaka kikilindwa kisiungue kwa miongo kadhaa kinaweza kuwa tena msitu, kwa sababu mafundo ya mizizi bado yapo hai. Na kila mwaka unaopita bila moto ni mwaka wa faida.

"Sisi huku tunagombana na wa Mabogini kuhusu mlango wa maji," akasema. "Kumbe mlango wenyewe uko huko." Akafuta mikono. "Kesho tuna kikao cha zamu za maji, saa nne, pale ofisini. Wazee wa skimu watakuwepo. Njoo uyaseme haya haya, na zile picha za vijiti uzilete."

Nimekwenda stendi jioni hii kubadilisha tiketi ya basi. Nitasafiri Jumanne.